Dereva wa Gari la Baba

Mume wangu Octavian, ambaye kijiji kizima kinamwita Tavi, hakuwahi kutaka makubwa duniani. Hakutaka cheo, hakutaka kwenda kuishi Italia kama binamu zake, na hata bafu la ndani nililomwomba tangu tuoane hakulitaka sana. Alitaka jambo moja tu: akae nyuma ya usukani wa gari la baba yake, aliwashe, atoke nalo getini, na asiwepo mtu wa kumwambia shuka. Nakuambia hili mapema ili usije ukadhani nakusimulia habari za vyuma. Vyuma mimi sivijali. Vimekula ujana wangu vya kutosha.

Gari lenyewe ni Dacia 1100 ya rangi ya samawati, lile la zamani lenye injini nyuma na buti mbele. Baba mkwe wangu, Pantelimon, alikuwa dereva wa lori la shamba la serikali, na alilipata enzi ambazo mwenye gari hapa kwetu aliamkiwa kabla ya kasisi. Jumapili alilitoa, akaenda nalo kanisani, mahali ambapo kuku anafika kwa miguu bila kuchoka, kisha akalirudisha bandani na kulifuta kwa fulana laini. Tavi aliruhusiwa kukaa kiti cha nyuma, mikono juu ya mapaja. Akinyoosha kidole kugusa chochote, mzee hakugeuza hata kichwa.

"Ondoa mkono," alisema. Basi, safari ikaendelea.

Shamba la serikali lilipokufa, mzee alibaki na siku ndefu na gari lililoanza kuliwa na kutu sakafuni. Akaamua kulirudisha upya. Alilifungua lote. Milango akaiegemeza ukutani, injini akaiweka juu ya meza iliyokuwa ya kukandia unga, skrubu na nati akazitia kwenye chupa za mama mkwe za kuhifadhia pilipili. Na hapo ndipo alipofikia. Alikuwa fundi wa kufungua, Mungu amrehemu, kufunga kulimshinda. Miaka ikapita, kila siku anaingia bandani na msasa wake, anasugua kipande kimoja, anakitazama, anakirudisha mahali pake.

Tavi wakati huo alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha mabehewa, na mikono yake ilisifiwa. Nakumbuka siku moja, tumetoka kuoana juzijuzi, alisimama mlangoni mwa banda na kofia yake mkononi.

"Baba, niachie hiyo sakafu nikuchomelee. Jioni mbili tu."

"Wewe wachomelee watu mabehewa yao."

"Itaoza yote ukiiacha hivi."

"Ikioza ni yangu. Ondoa mkono, umeegemea rangi."

Rangi yenyewe haikuwepo. Ulikuwa mlango uliosuguliwa mpaka bati. Tavi alirudi ndani akanywa supu, nami nikamchukia baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza, chuki safi kabisa, na sijui kama imewahi kuniisha.

Mzee alifia humo bandani, mwishoni mwa majira ya kuchipua, msasa mkononi. Kwenye mazishi Tavi alikuwa amekunywa na alikuwa na uchungu, vyote kwa pamoja. Jeneza lilipokuwa juu ya kamba, akapaza sauti mbele ya watu wote: "Baba, gari lako nitakumalizia. Utalipata zima, kama lilivyotoka kiwandani."

Wanawake walilia. Mimi nililia. Mama mkwe wangu, Domnica, hakulia. Alimtazama mwanawe akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana na fundi. Niliiona ile ishara na sikuielewa.

Upande wetu huu wa mto Jiu, marehemu haachwi aende mikono mitupu. Kile utakachompa mtu hai kwa jina la marehemu, ndicho marehemu atakachokuwa nacho huko aliko. Usichotoa, hana. Unakitoa kikiwa kizima, na mshumaa na taulo na mkate, unasema ni kwa roho ya fulani. Anayepokea anajibu bogdaproste, Mungu amsamehe marehemu, na kuanzia hapo kitu kimeshafika. Hakirudishwi. Ukikirudisha umemnyang'anya maiti. Na marehemu akikosa kitu anakuja ndotoni kukidai, na hapo familia haina usingizi mpaka kitolewe.

Kwa mwanamume unatafuta mwanamume wa kimo chake. Wa kimo cha Pantelimon alikuwa Firică, mjane wa mtaa wa chini, mtu mpole anayefuga kuku na kuvuta sigara. Kwenye arubaini alipewa koti, kofia na buti. Mwaka ulipotimia akapewa kitanda, meza, kiti, sahani na kijiko. Kwa hiyo marehemu alikuwa anaendelea kutembea kijijini. Unageuka kona unalikuta koti lake mbele ya duka, na mabega yale yale.

"Nimemwona baba akinunua sigara," Tavi aliniambia jioni moja.

Kiwanda cha mabehewa kilikuwa kimeshafungwa. Tavi alikuwa anaendesha gari la mikate, anaamka kabla ya jogoo, anarudi mchana, anakula amesimama, kisha bandani. Alianza na zile chupa za pilipili. Mzee hakuandika popote skrubu ipi ni ya wapi, kwa hiyo Tavi alizimwaga zote juu ya shuka langu jeupe na kuzipanga kama mtu anayechambua maharage. Sakafu aliikata akaitengeneza upya, na ile michomeleo ungepitisha kiganja usiihisi. Jumapili alikwenda mjini Craiova kwenye soko la vitu vikuukuu, akarudi na kioo kimoja cha taa au kitasa kimoja cha dirisha, anakibusu kama msalaba. Bafu langu lilikuwa linajengwa hivyo: kila nilipoambiwa ni mwaka huu, kilikuja kitasa badala yake.

Alikwenda hata Hispania kuchuma stroberi msimu mzima. Aliporudi, mgongo umepinda, alinunua pistoni. Nilimwambia maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mume. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Veta," aliniambia, "mimi sijawahi kuliendesha. Nina miaka yote hii na sijawahi kuliendesha hata mpaka getini. Unaelewa?"

Nilielewa. Kuelewa ndiko kulikoniponza, maana baada ya hapo sikuweza tena kugomba kwa moyo mmoja.

Na aliyemsaidia kuliko wote, amini usiamini, alikuwa mama yake. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote akiliita gari lile jeneza la bati, sasa kila jioni alikuwa anachungulia bandani. Aliuza nguruwe wa Krismasi, nguruwe niliyemlisha mimi kwa mikono yangu, ili bampa zipelekwe mjini zikang'arishwe. Alichagua mwenyewe kitambaa cha viti, akikipapasa kama anayechagua blanketi la bibi harusi.

"Usimwekee baba yako takataka," alisema.

"Siweki takataka, mama."

"Na hita? Hita inafanya kazi? Baba yako hakuiweza baridi."

"Itafanya."

"Milango ifunge vizuri. Isiwe ya kupigwa teke."

Tavi alikuwa anang'aa. "Umeona?" ananiambia. "Amebadilika. Hata yeye sasa analipenda." Na mtu aliyengoja hivyo kupendwa na wazazi wake humwambii kwamba kuna kitu kinanuka.

Maana kilikuwa kinanuka. Vuli ile, viti vilipofungwa, mama mkwe alimleta Firică bandani. Firică ndani ya koti la marehemu na kofia ya marehemu.

"Ingia ukae," mama akamwambia.

"Wapi, humo? Nina matope, Domnica."

"Vua buti. Kaa mbele, upande wa usukani. Haya. Magoti yanagusa?"

"Kidogo."

"Tavi, mwanangu, kisogeze kiti nyuma. Baba yako alikuwa na miguu mirefu."

Tavi akapiga magoti akakisogeza kiti, na kumfungia Firică mlango taratibu ili asikie unavyolia. Alifurahi kuonyesha kazi yake. Firică naye alikaa humo mikono juu ya mapaja, hajui aitwe mgeni au nini.

"Mbona umempimia Firică kiti?" nilimwuliza mama jikoni.

"Kwani kukaa kwenye kiti ni dhambi?" akajibu, akaendelea kukata vitunguu.

Injini iliwashwa kwa mara ya kwanza majira ya kuchipua. Sitasema lilivyonguruma, sijui kusifia injini. Nitasema nilichokiona: mume wangu alikaa nyuma ya usukani, mlango wazi, akaangua kilio. Kisha akaanza kusogea kuelekea getini, na mama yake akasimama mbele ya gari na aproni yake.

"Halitoki."

"Mama, mpaka kwenye daraja tu."

"Linatoka siku ya miaka saba ya baba yako. Kasisi atakuwepo, watu wote watakuwepo, litabarikiwa ndipo litoke. Umengoja muda wote huo, wiki chache zitakuua?"

Tavi akakubali. Kumbukumbu ya miaka saba ndiyo ya mwisho kwetu. Baada yake marehemu anaachwa apumzike. Aliona ni heshima kutoka nalo siku hiyo. Wiki zile alikuwa analisogeza uani, mbele kidogo, nyuma kidogo, kuku wakikimbia, na uso wake ukiwa uso wa mtu ambaye deni lake limesamehewa.

Siku yenyewe meza zilipangwa uani. Kabichi zilizofungiwa nyama, ngano tamu ya marehemu, tsuika, ile pombe kali ya plamu, ya mwaka ule mzuri. Gari liko katikati ya ua, limeoshwa, na ukiniuliza kama lilikuwa zuri nitasema ndiyo, lilikuwa zuri kiasi cha kuniudhi. Tavi alivaa shati jipya. Ufunguo alikuwa nao mkononi tangu kanisani.

Mama mkwe akatoka na kigae cha makaa na ubani, akalizunguka gari akilifukiza. Akafunga taulo jipya kwenye kitasa cha mlango, la kufuma mwenyewe. Akaweka mkate na chupa ya divai juu ya kiti. Akabandika mshumaa juu ya mfuniko wa mbele, nami nikamwona Tavi akikunja uso kwa ajili ya rangi, kisha akajizuia.

"Nipe ufunguo, mwanangu."

Akampa. Alidhani utanyunyiziwa maji ya baraka.

"Firică," mama akaita. "Njoo hapa."

Firică aliinuka mezani na kabichi mdomoni. Nikatazama kasisi, kasisi akawa anatazama viatu vyake. Nikatazama wanawake wa mtaa, na kwa macho yao nikajua kwamba nusu ya ua ilikuwa inajua.

"Chukua," mama alisema, sauti yake imara. "Gari hili, na kilicho ndani yake, liwe kwa roho ya Pantelimon. Liwe lake huko aliko."

Firică alimtazama Tavi. Si mtu mbaya, nimeshasema. "Domnica," alisema polepole, "mimi sijui kuendesha."

"Pokea. Nta inamwagika."

Firică akapokea ufunguo na taulo, akavua kofia ya baba mkwe wangu, akasema, "Bogdaproste."

Tavi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimsogelea mama yake kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mama, hilo ni langu."

"Lako?" Alishangaa kweli, hakuwa anaigiza, ndiyo maana hata leo najua siwezi kumsamehe wala kumlaumu vizuri. "Uliahidi juu ya jeneza. Watu wote walisikia. Ulimwambia atalipata zima. Atalipataje, mwanangu, likiwa bandani kwako?"

"Nilisema nitamalizia."

"Na umemalizia. Mungu akupe afya ya mikono. Kwani ulidhani nguruwe nilimuuzia nini?"

Nikaingilia, maana maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilimwambia amemtumikisha mwanawe kama punda. Nilimwambia habari za stroberi na mgongo na bafu, mbele ya kasisi, mbele ya ngano tamu. Alinisikiliza huku akifunika chungu.

"Amekuwa akinijia," alisema. "Tangu tulipomzika. Amesimama pale kwenye kinu cha unga, barabarani, baridi, na kola imeinuliwa. Magari yanapita, mikokoteni inapita, hata wale wezi wa ukoo wa Dobre, marehemu wenzake, wanapita wakiwa na farasi. Hakuna anayesimama. Miaka yote hii mume wangu amesimama barabarani, Veta."

"Na sisi tulio hai tusimame wapi?"

"Nyinyi mna miguu," alisema, akaenda kuwagawia watu mkate.

Karatasi za gari zilikuwa kwa jina la mama mkwe, kama ulikuwa unajiuliza. Hakuna aliyewahi kufikiria kuzibadili.

Vijana walilisukuma gari mpaka kwa Firică, mshumaa ukiwaka juu yake, kwa sababu mtu pekee aliyejua kuliendesha alikuwa amekaa kwenye ngazi za banda na hakuinuka. Kwa hiyo getini lilitoka bila yeye.

Kesho yake Firică alikuja, kofia mkononi.

"Tavi, lichukue. Mimi nitaliweka wapi? Kuku wameshaanza kulipanda."

Nilikuwa dirishani. Nilisema moyoni, chukua. Chukua, mpumbavu wewe, hakuna atakayekuona ila mimi na kuku. Tavi alikuwa anasafisha spana zake kwa petroli, moja moja.

"Haiwezekani," alisema.

"Mama yako hatajua. Tutasema nimekuuzia."

"Si mama." Akachukua spana nyingine. "Na kama baba yuko njiani sasa hivi? Likimtoweka chini yake, halafu? Arudi pale kwenye kinu?"

Mume wangu amesoma mpaka shule ya ufundi. Usiku wa Pasaka anasinzia kanisani, na mimi ndiye ninayemkanyaga mguu. Sikujua kabla ya siku ile kwamba anaamini. Nadhani hata yeye hakujua.

Firică alivaa kofia yake, akaenda hatua mbili, akarudi. "Basi angalau Jumamosi unipeleke sokoni," alisema. "Nina mayai."

Jumamosi nilikwenda nao, kwa sababu sikutaka Tavi awe peke yake na koti lile. Nilikaa kiti cha nyuma na trei za mayai mapajani. Tavi akawasha. Tulipopita kinu nilimwona kwenye kioo na nikaona kwamba, pamoja na yote, alikuwa anaendesha. Alikuwa hatimaye nyuma ya usukani wa gari la baba yake, barabarani, na gari lilikuwa linakwenda vizuri. Kwa kitambo kidogo nilidhani labda hiyo itamtosha.

Pembeni yake, kutoka nilipokaa mimi, palikuwa na lile koti, ile kofia, na yale mabega. Uso sikuuona. Kulikuwa na ubaridi, kioo kikaanza kufanya ukungu, na Tavi akanyoosha mkono kuelekea kitasa cha hita, ile hita aliyoihangaikia majira mazima.

"Ondoa mkono," alisema Firică bila kugeuza kichwa. "Nimeshaitega ninavyotaka."

Hakuwa na nia mbaya. Hakujua. Tavi aliondoa mkono, akauweka juu ya paja lake, na aliendesha hivyo mpaka sokoni, kwa mkono mmoja, akibadilisha gia tu ilipobidi. Mimi nilikuwa nimekumbatia mayai ya watu na nilikuwa nalia.

Anampeleka kila Jumamosi mpaka leo. Anabadilisha mafuta, anasugua kinyesi cha kuku kwenye paa, anapulizia rangi palipochunika. Anafanya yote hayo uani kwa Firică, na akimaliza anarudi nyumbani kwa miguu. Bandani haingii tena. Mwezi uliopita alinianzia bafu, bila kuulizwa, anaweka vigae vilivyonyooka kabisa, na kila ninapomsikia akigonga humo ndani natamani bafu hilo lisingekuwepo duniani.

Mama mkwe amenenepa na analala vizuri. Jumapili alikuja mezani amechangamka kama msichana.

"Nimemwona," alisema akivunja mkate. "Ndani ya gari. Hana baridi hata kidogo. Amekaa, anatazama nje, kofia imemkaa vizuri. Na kuna mtu anamwendesha."

Tavi aliacha kutafuna. Aliweka kijiko chini, na nikaona jinsi alivyomgeukia mama yake, kwa uso ule aliokuwa nao kwenye mlango wa banda, kofia mkononi, tulipokuwa tumetoka kuoana.

"Nani, mama?" aliuliza. "Nani anamwendesha?"

Mama alifikiri. Alitaka kusema kweli, anaheshimu ndoto zake.

"Sijui," alisema. "Dereva tu. Baba yako alikuwa hamtazami."